Leseni ya Kumlea Niliyemnyonyesha

Sikuwahi kuomba leseni. Leseni ndiyo iliyonifuata nyumbani kwangu Nyahanga, pale Kahama, ikaja na Landrova ya serikali, ikakalia kiti changu na kunywa chai yangu. Watu wakisimulia siku hizi husema nilikuwa na kituo cha kulelea watoto. Kituo gani? Nilikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali mabichi na bati, aliyoniachia marehemu mume wangu, na ndani yake mlikuwa na watoto. Mmoja nilimzaa mwenyewe. Wengine waliletwa.

Majina nayaacha. Wenyewe wako hai, wengine wana wajukuu, na hakuna aliyenituma nimwandike.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba. Miaka ile mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefungwa, na wafanyakazi wake wengi hawakurudi makwao. Walitawanyika porini wakichimba wenyewe kwa sururu na karai, leo hapa kesho kule, wake zao wakiwafuata na masufuria kichwani. Njiani kutoka huko mume wangu alimkuta mwanamume mmoja, mtu wa Tunduru, amesimama kando ya barabara na kichanga ndani ya kanga. Mkewe alikuwa amekufa kwa uzazi. Mume wangu alimpakia, na katika kuzungumza akamwambia kwamba nyumbani naye ana mtoto mchanga.

Basi yule mtu akasimama mlangoni kwangu, vumbi mpaka kwenye kope, akasema neno moja tu: "Dada, nimesikia unanyonyesha."

Sikumuuliza kitu. Nilifungua vifungo vya gauni. Mwanangu alikuwa ananyonya ziwa la kushoto, nikamweka yule binti kulia. Tangu siku hiyo wakanyonya hivyo hivyo wote wawili, wakipigana mateke juu ya tumbo langu, mpaka nilipowaachisha.

Baba yake alikuja mara kadhaa na mche wa sabuni, siku nyingine na kitambaa cha gauni. Kisha akasema anakwenda Geita mara moja. Wachimbaji wote husema wanakwenda mara moja. Binti alikuwa ameshaanza kutembea, na baba yake hakurudi tena.

Mume wangu alipofariki, muuguzi wa hospitali ya Kahama aliniletea dada wawili kutoka Kishapu, yatima, akaniambia niende boma, ofisi za wilaya, nikaandikishwe ili nipate unga na maziwa ya kopo. Nilikwenda kuomba unga, leseni ndiyo ikanifuata. Ilikuwa karatasi nene yenye ngao ya taifa, ya mwaka mmoja, na majina ya watoto wote watatu wasio wa tumbo langu yaliandikwa humo. Bwana Ustawi wa kwanza, yaani ofisa wa ustawi wa jamii, alikuwa mtu mzima. Kila mwaka alisimama uani, akawatazama watoto, akauliza, "Wanakula?" Nikajibu, "Wanakula." Akagonga muhuri akaenda zake. Kisha akahamishwa, akaja kijana.

Sitaki kumsema vibaya yule kijana. Alikuwa na adabu. Alisema shikamoo kabla hajavua kofia, na viatu vyake alivifuta mlangoni ingawa sakafu yangu ilikuwa ya udongo. Lakini alikuwa ametoka chuoni na kitabu cha masharti kichwani mwake, na mtu wa namna hiyo hapumziki mpaka nyumba yako ifanane na kitabu chake.

Ziara ya kwanza aliuliza sahani za watoto ziko wapi. Sisi tulikula kwenye sinia moja, kama watu. Akasema kila mtoto wa malezi awe na sahani yake, na atarudi kuangalia. Nilikasirika, lakini nilikwenda kuazima sahani mtaani. Siku aliporudi nikapakua wali kwenye sahani, kila mtoto yake. Sasa mtaani kwetu sahani nyingi hutoka kabatini kukiwa na matanga. Mdogo wa wale dada wa Kishapu alizitazama, machozi yakamlengalenga, akauliza mbele ya Bwana Ustawi, "Mama, nani amekufa?"

Bwana Ustawi aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anacheka. Mwaka ule leseni ilipita.

Mwaka uliofuata haikupita. Alikuja, hakutazama sahani wala vitanda. Alimtazama binti yangu, ambaye alikuwa amerefuka ghafla kama mtama uliopata mvua, kisha akamtazama mwanangu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna sharti. Msichana anayekaribia kuvunja ungo haruhusiwi kulelewa kwenye nyumba yenye mvulana asiye ndugu yake. Leseni yangu haitahuishwa mpaka binti ahamishiwe makao ya wasichana, mkoa mwingine, mwendo wa lori na treni. Nisipomtoa, nitanyang'anywa hata wale dada wawili.

"Asiye ndugu yake nani?" nikamuuliza.

"Huyu kijana wako, mama."

"Huyu kijana wangu amenyonya naye."

"Mama, ninaelewa wamekua pamoja..."

"Hujaelewa. Sikusema wamekua pamoja. Nimesema wamenyonya. Ziwa hili na hili. Kwetu Waislamu hao ni kaka na dada mpaka kiyama, hawawezi kuoana hata Rais akitaka."

Akasema sharti linataja ndugu wa damu, na ndugu wa ukoo, na wa ndoa. Maziwa hayana kipengele. Hapo nilikuja juu kama moto wa kifuu. Babu wa baba yangu aliingia bara na misafara kutoka pwani, mama yangu alikuwa Msumbwa, ukali nimeurithi pande zote mbili. Nilimwambia mengi. Nilimwambia kwamba waliotunga masharti yake walikuwa wamenyonya chupa. Aliagana nami kwa adabu zilezile, na leseni akaondoka nayo.

Ilipita wiki moja, akarudi. Safari hii alikuja kwa miguu, bila Landrova, akaketi kwenye kigoda jikoni nikikaanga vitumbua. Nilijua ana jambo, maana alikula vitumbua viwili bila kusema. Kisha akasema amefikiri sana, na njia ipo. Niandike tu kwamba binti ni mtoto wa marehemu mume wangu, aliyezaliwa nje ya ndoa, akaletwa nyumbani. Nitie saini, binti abadilishiwe jina la baba, awe ndugu wa damu na mwanangu. Hakuna atakayeuliza.

Nasema ukweli, kijana wa watu alikuwa amejihatarisha kwa ajili yangu. Hata hivyo niliweka upawa chini.

"Mwanangu," nikamwambia, "unataka nimzulie marehemu uzinzi, na nimnyang'anye mwanamume aliye hai mtoto wake, vyote kwa kalamu moja?"

"Mama, huyo mwanamume alimtupa."

"Hakumtupa. Alimleta mpaka mlangoni kwangu akimshika kwa mikono miwili. Ana jina, na jina hilo ni la binti. Mimi nimempa maziwa, sikumpa baba. Dini yangu inaniambia mtoto wa kulea aitwe kwa baba yake, nami hata bila dini nisingemwibia."

"Basi watamchukua."

"Waje."

Nilisema "waje" kwa kiburi kikubwa, nikageuza vitumbua vyangu. Alipotoka niliogopa kuliko nilivyoogopa siku mume wangu alipokata roho.

Binti alikuwa nyuma ya dirisha, amesikia yote. Aliingia akaitupa ndoo chini. "Ungeandika tu!" alinipigia kelele. "Jina lenyewe la mtu asiyenijua! Ungeandika nikabaki!" Sikumchapa. Nilimwambia baba yake anamjua, na kwamba mimi nitamtetea kwa ukweli ulivyo. Akaniuliza je, ukweli ukishindwa? Alinuna siku zile zote, akawa anafagia uwanja kwa hasira mpaka kuku wanakimbia.

Nilikwenda boma nikadai kusikilizwa. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini kila asubuhi na kitambaa changu cha kudarizi, nikawasalimia wote walioingia na waliotoka, mpaka wakachoka kuniona. Wakanipa siku. Wakaniambia nije na shahidi aliyeona kwa macho yake kwamba nilimnyonyesha yule mtoto.

Mkunga aliyekuwa akija kutuangalia alishakufa. Mume wangu alishakufa. Aliyebaki alikuwa jirani yangu.

Lazima nimweleze huyu mwanamke. Alikuwa Msukuma, mzaliwa wa Didia, si Mwislamu wala hakuwa wa kanisa, mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti. Uwanja wake na wangu ulitenganishwa na ua wa minyaa. Alijifungua mtoto wa kiume wakati uleule nilipojifungua mimi. Na tangu binti yangu alipoanza kubeba maji kichwani bila kushika ndoo, jirani yangu alimwita mkwe. Alianza kwa utani. Baadaye utani ukakua. Alimwonyesha ndama mwenye mabaka kwenye zizi la mumewe akamwambia, "Huyu ni wa mahari yako, mtunze." Mimi nilicheka, nikasema kijana wake kwanza asilimu ndipo tuzungumze. Akasema ataogeshwa hata mara saba nikitaka. Moyoni sikuukataa mpango ule. Binti angeolewa ng'ambo ya minyaa, ningemwona kila siku.

Nilipomweleza habari za ushahidi hakufikiri mara mbili. "Mayu," akaniita kwa Kisukuma, yaani mama, "niliona kwa macho yangu. Nitawaambia." Akavaa vitenge vipya, tukaenda na binti katikati yetu.

Chumbani mle boma tuliwakuta Bwana Ustawi na hakimu wa mahakama ya mwanzo, pamoja na mzee wa baraza wa Kiislamu aliyeitwa kwa ajili ya suala la maziwa. Mzee huyo alikuwa na masikio mazito, kila neno lilirudiwa. Hakimu alisema jambo ni dogo. Kama watoto hawa wawili hawawezi kuoana kwa sheria yao, basi ni ndugu, na sharti halijavunjwa. Mzee akakubali kwamba walionyonya pamoja hawaoani. Nikaanza kupumua.

Bwana Ustawi akaomba kuuliza. Alikuwa kazini kwake, simlaumu. Akasema muuguzi wa hospitali anakumbuka kwamba mimi nililazwa kwa homa kali, mtoto yule akiwa mchanga bado, na maziwa yangu yakaanza kukauka. Mwanangu nililazwa naye. Binti aliachwa Nyahanga. Basi alilishwa nini? Kama alilishwa maziwa ya ng'ombe na uji, na nikatoka hospitali mkavu, huo unyonyaji uko wapi?

Nilijua kweli nililazwa. Nilijua binti alibaki kwa jirani. Niliporudi nilimweka ziwani, maziwa yakarudi, na sikuuliza alikula nini, kwa kuwa nilimkuta amenenepa. Nilifungua mdomo kujibu, lakini jirani yangu alishasimama.

"Uji gani?" akasema, na hapo mzee hakuhitaji kurudiwa. "Kichanga kile nikipe uji? Nilimnyonyesha mimi! Mwenzangu alipokuwa hospitali nilimnyonyesha, na aliporudi nikamkabidhi, akamshika ziwa lake mbele yangu kama hakuwahi kuondoka. Ndiyo maana ninajua alinyonya kabla na alinyonya baadaye. Mtoto huyu hakujua chupa wala uji mpaka alipoota meno."

Akaketi, akanitazama kwa furaha, akingoja nimshukuru. Nami sikuwa nimejua. Kwake yeye ilikuwa kama kumwazima jirani chumvi, nani atangaze kwamba ameazima chumvi? Kwao maziwa ni msaada, yakishanyweka yamekwisha. Miaka yote ile alimwita mkwe akiwa hana habari, na mimi nikacheka naye nikiwa sina habari.

Mzee wa baraza alikuwa ameelewa. Labda alishasikia utani wa mtaani, Kahama ilikuwa ndogo. Akamgeukia jirani yangu, akasema polepole, "Mama, una mtoto wa kiume?"

"Ninaye. Alikuwa ananyonya naye."

"Basi sikiliza vizuri. Ukishasema hivi mbele yetu, kijana wako ni kaka wa huyu binti. Hatamwoa kamwe, hata akisilimu. Kwa hiyo nakuuliza tena, usikimbilie kujibu. Ulimnyonyesha akashiba, au ulimtuliza tu mara moja mbili akilia?"

Jirani yangu alinitazama, kisha akamtazama binti. Niliona jambo likimwingia. Alikuwa na njia ya kutokea. Angesema alimtuliza tu, angebaki na mkwe wake na ndama wake mwenye mabaka, na Bwana Ustawi angesema basi tena, mtoto alilishwa uji. Binti alikuwa ameshika upindo wa kitenge cha jirani yangu, sijui kama alijua ameshika nguo ya nani.

Sikuwa na haki ya kumwambia neno.

"Alinyonya akashiba," jirani yangu akasema. "Alinyonya mpaka akasinzia mdomo wazi, maziwa yakimtoka pembeni. Kila siku, mpaka mama yake aliporudi. Nani aliyehesabu? Andikeni hivyo." Kisha akamgeukia Bwana Ustawi, sauti ikapanda. "Na ukitafuta nyumba yenye mvulana asiye ndugu yake, kwangu usije. Kwangu pia hayupo."

Hakimu aliandika. Bwana Ustawi akatoa leseni yangu mkobani, akaifungua mezani, akachukua kalamu na rula, akalikata jina la binti yangu kwa mstari mmoja ulionyooka. Akaeleza kwamba binti sasa ni jamaa wa nyumba, jamaa haandikwi kwenye leseni ya malezi, na jina lake litabaki la baba yake kama lilivyo. Wale dada wawili wakaandikwa upya kwa mwaka mwingine. Nilipiga kigelegele mlemle ndani ya boma, karani wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

"Lakini mama," Bwana Ustawi akasema, "na unga wake nao umekatwa. Na maziwa ya kopo."

"Kata vyote," nikamwambia. "Huyu hakuanza na maziwa ya kopo."

Alitabasamu, ila alikata kweli. Tangu mwezi ule tulipokea chakula cha watoto wawili tukala wote kwenye sinia moja. Nilikaanga vitumbua zaidi. Hatukufa.

Njiani kurudi jirani yangu alitangulia mbele. Mimi nilikuwa na furaha ya kupaa na aibu ya kuzama kwa wakati mmoja. Tulipofika kwenye minyaa nikamwita. Aligeuka, macho mekundu.

"Dini yenu inachungulia mpaka kwenye vifua vya watu," akasema. "Ningejua mapema nisingemzoea. Ng'ombe nilishawatenga."

"Nisamehe, mayu."

"Nikusamehe nini? Ulikuwa na homa." Akamvuta binti kichwa, akakipangusa vumbi kwa kiganja chake kikubwa, kwa nguvu kama anakipiga. "Na wewe. Kesho uje unitwangie mahindi. Mkwe nilikuwa namwonea haya. Mtoto simwonei haya."

Kijana wake alipoambiwa alisema afadhali, maana binti alikuwa akimpiga ngumi kisimani. Kwa hiyo aliyeumia alikuwa mmoja tu, naye aliumia kweli, kwa muda mrefu. Yule ndama alikua, akazaa, na jirani yangu hakumuuza.

Bwana Ustawi aliendelea kuja kila mwaka kwa ajili ya wale dada wawili, na kila mwaka tuligombana. Mara choo, mara madirisha, mara kwa nini mjane hana mlinzi. Sikumwachia hata moja bila kelele. Alipohamishwa alikuja kuniaga, akala vitumbua, akasema kazi yake ingekuwa nyepesi kama si mimi. Nilimwambia nashukuru.

Binti yangu aliposwa na fundi cherehani wa mjini, walikuja wazee wa bwana harusi na sinia la vitu. Kulikuwa na mkaja, kitambaa anachopewa mama wa bibi harusi kwa ajili ya tumbo lililomzaa. Waliponyoosha mikono kunipa nilikataa. Nikawaambia mkaja ni wa marehemu aliyemzaa, yuko ardhini upande wa Geita, utolewe sadaka kwa jina lake. Changu mimi ni mbeleko, nguo ya mgongo uliombeba. Wakatazamana. Wakaitafuta kwenye sinia, ikawepo, kanga nzuri nyekundu. Nikaipokea.

Jina la baba yake lilikuwa limeshatajwa mbele ya wote, lile lile la mtu wa Tunduru, na binti alikuwa ameliitikia bila kununa.

Ndipo jirani yangu, aliyekuwa ameketi nyuma miongoni mwa wanawake, akasimama na mwili wake wote, akasonga mbele akakinga mikono.

"Na yangu," akasema.

Mzee wa upande wa bwana harusi akauliza huyu mama ni nani. Nilitaka kujibu, lakini binti yangu aliniwahi kutoka ndani, bibi harusi, ambaye siku ile hakutakiwa kusikika sauti.

"Ni mama yangu," akasema. "Duka halijafungwa. Nendeni mkanunue nyingine."

Wakaenda.